Mama Alipoteremsha Kombi kutoka Amani

Mwezi uliopita nilipanda milima ya Amani na wajukuu, tukakuta vijana wa Kizungu wanaishi ndani ya gari lao, lina kitanda, jiko na mapazia. Wajukuu walishangaa sana. Nikawaambia kwamba sisi tuliyafanya hayo kabla wazazi wao hawajazaliwa. Hawakuniamini. Labda wewe, rafiki yangu, utaniamini.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari ikipatikana kwa kujuana, na ugali wetu ulikuwa wa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Baba alikuwa fundi magari pale Usagara, mjini Tanga. Alinunua kombi mbovu, akaifufua kwa vipuri vya magari matatu, aking'oa viti vya nyuma na kuweka vitanda vya mbao na magodoro ya sufi. Mama akatundika kanga kuukuu madirishani. Kila Desemba, joto la Tanga lilipoanza kutunyima usingizi, tulihamia humo siku nne au tano, kule juu msituni, kwenye uwanja wa mama mmoja wa Kishambaa aliyelima iliki. Petroli ya safari baba aliiweka akiba mwaka mzima, chupa moja moja.

Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani, na mbega walinguruma mitini. Tulikunywa chai ya iliki bila sukari huku tukitafuna muwa. Bibi, mzaa baba, alivaa soksi za baba na kujitanda blanketi. Alikuwa akisema, "Baridi haina adabu, haipigi hodi." Lakini kila mwaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda garini.

Mwaka mmoja, Jumapili, baba aliamka anatetemeka. Homa ilikuwa kali kiasi cha kumfanya aweweseke. Hospitali ilikuwa Muheza, chini kabisa, na lori la shamba la chai la jirani halikuwa na dizeli. Tena siku hizo, Jumapili ikishafika saa nane mchana, magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani, ili kubana mafuta. Dereva mwingine hakuwapo.

Mama alijifunga kibwebwe. "Nitaiteremsha mimi," alisema.

Bibi alimgeukia. "Nani kakufunza?"

"Mwanao, mama. Kwenye barabara za mashamba ya mkonge."

Hakuna mwingine aliyejua, hata mimi niliyekuwa nikilala nao chumba kimoja. Nilidhani bibi atagomba. Badala yake akafungua mlango wa mbele. "Basi nakaa hapa. Kama ni kufa, nife naiona njia."

Mimi na kaka zangu tulikaa nyuma, kichwa cha baba mapajani mwangu, nikimpangusa jasho. Njia ile ni kona juu ya kona, na upande mmoja ni korongo. Mama alitia gia ya kwanza na hakuitoa. Baba alipozinduka alinong'ona kwamba asiing'ang'anie breki, aiache injini izuie gari. Nikapaza sauti kumfikishia mama. Akajibu kwa utulivu kwamba anajua. Bibi alisoma dua kwa sauti, akinyamaza tu kwenye kona, ili asimpotezee mkwewe mawazo.

Tulipoingia Muheza, trafiki alitusimamisha. Saa nane ilikuwa karibu kufika. Alimwamkia bibi shikamoo, kisha akaomba leseni. Mama hakutafuta maneno. Alimwambia kwamba hana, na mgonjwa yuko nyuma. Yule bwana alichungulia, akamwona baba. Akapanda baiskeli yake, akatutangulia hadi mlango wa hospitali.

Baba alipona baada ya siku tatu za dripu. Jambo la kwanza alilofanya tulipofika nyumbani ni kumpeleka mama akafanye mtihani wa leseni, akafaulu. Tangu hapo mama ndiye aliyetupandisha Amani, na baba alikaa nyuma akimenya machungwa, hana wasiwasi wowote.

Kisha biashara zikafunguliwa. Sukari ikajaa madukani, magari ya mitumba yakashuka bandarini kwa wingi, na vituo vya mafuta vikawa haviishiwi. Baba akapata wateja wengi hata Jumapili, mama akafungua duka la vitenge, kaka zangu wakahamia Dar. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuwa na shughuli, wala simlaumu yeyote. Kila Desemba tulisema tutakwenda mwakani. Petroli ilikuwapo, rafiki yangu, tele. Sisi ndio tulioadimika.