Mlango wa Mto

Wiki jana kamati ya mtaa ilituita sisi wenye majengo ya zamani hapa Garsen, twende tukaliangalie jengo jipya la jirani yangu. Swali lilikuwa moja: limeiharibu safu yetu ya maduka ya zamani, au halijaiharibu? Tukisema limeharibu, ghorofa ya juu haijengwi. Nami nikwambie mapema, rafiki yangu, tusije tukadanganyana: nilitoka nyumbani nimevaa kanzu mpya, na jibu liko mdomoni tayari.

Unanijua. Masomo sina, darasa la nne nililiacha katikati. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa maji, na leo malori yangu yanajulikana Madogo mpaka Bangale. Lile duka la simiti lenye vigae vya bluu pale kona ni langu, na hakuna aliyenishika mkono. Lakini lile pengo kati ya nyumba yetu ya zamani na duka la baba yake jirani, lile halikunijia. Nilimwomba aniuzie mara si haba, naye akawa anacheka tu: "Cha baba hakiuzwi, ndugu yangu." Halafu siku moja naona mawe yanashushwa pale. Chakula kilinishinda.

Pengo lile halikuwa uwanja wa bure. Waliojenga safu ile walikuwa wanaujua mto. Sakafu waliziinua, mbele wakaweka baraza, mabati wakayateremsha yafunike baraza, na kati ya duka na duka wakaacha nafasi. Tana ukijaa ukaja mpaka mjini, maji yalipita pale yakaenda zake, kuta zikabaki zimesimama. Bibi yangu alipaita mlango wa mto. "Mto ni mgeni mwenye kiburi," alikuwa akisema. "Usipomfungulia, atavunja."

Pale mlangoni ndipo alipokuwa akikaanga vitumbua. Mchele ulikuwa wa mashamba ya mtoni, ameuloweka na kuutwanga mwenyewe, na ule mdundo wa kinu ndio ulioniamsha miaka yote ya utoto wangu. Kazi yangu ilikuwa kuokota kuni na kupepea moto. Akina mama wa Kiorma walipita na maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa, wanaweka chini, wanasalimia kwa lugha yao, Bibi anajibu kwa Kipokomo, na biashara inaendelea hivyohivyo kwa Kiswahili cha kuokoteza. Upepo wa mto ulipita katikati ya kuta ukasambaza harufu ya iliki mtaa mzima. Hakuna aliyehitaji kupigiwa kelele kwamba vitumbua viko tayari.

Na hapo ndipo jirani alipokuwa akitokea. Mtoto wa duka. Shati limepigwa pasi, viatu miguuni, anaketi kwenye kidaraja cha jiwe cha kupandia barazani kama mwenye mahali. Mimi macho yamejaa jivu, nimepepea mpaka mkono umekufa ganzi. Kile cha kwanza kikitoka kwenye kikarai, Bibi anakiweka kwenye jani na kumpa yeye. Kila siku. "Cha kwanza cha jirani," anasema, "cha pili cha nyumbani." Nilikuwa nakitazama kitumbua kile kikiingia kinywani mwake, na nakwambia kweli, nimepata mali, nimezika wazee, na bado nakiona.

Basi tukafika kwenye jengo. Nilitafuta kosa. Nikatazama mabati: yameteremka sawasawa na ya zamani. Nikatazama baraza: limeungana na letu, mtu anatembea toka mwanzo wa safu mpaka mwisho bila kushuka. Nikasema moyoni, pengo je, si ameliziba? Hakuliziba. Jengo lote amelisimamisha juu ya nguzo, chini yake ameacha njia, na upepo wa mto ukanipiga usoni kama zamani. Juu ya njia ile ameandika kwa rangi: MLANGO WA MTO. Maneno ya bibi yangu mimi. Kile kidaraja cha jiwe nacho kipo palepale, kimepakwa chokaa.

Jirani akanishika bega. "Unapakumbuka? Hapa ndipo nilipokuwa nikila cha kwanza."

"Nakumbuka."

"Wewe ukila cha pili."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza, "Haya mzee, wewe ndiwe mwenyeji wa hapa. Limeharibu?"

Mama mmoja muuza maziwa, aliyesimama pale kutazama, akasema, "Mwacheni kwanza ameze mate."

Nikayameza. "Halijaharibu," nikasema, na neno lile lilikuwa chungu kuliko mwarobaini. Maana mtu akikunyang'anya kitu kwa ubaya utamsema. Huyu amekichukua kwa uzuri, sasa nitamsema nini?

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu leo nataka vitumbua. Nikaketi karibu na jiko, na kile cha kwanza kilipotoka nikanyoosha mkono.

"Hicho wacha, baba watoto," akasema. "Cha kwanza hunata. Ni cha kulainisha kikarai tu."

Nikakila hivyohivyo. Kilikuwa kimechanika, chini kimeungua, ndani unga mbichi.

Nimekaa nalo jambo hili tangu siku ile. Bibi alikuwa akimpa jirani heshima, au alikuwa akiniwekea mimi kilichoiva? Kinu hakipo, Bibi hayupo, na pale mlangoni sasa unapita upepo mtupu usio na iliki. Hakuna wa kumuuliza. Jirani naye sijamwambia kitu. Ghorofa yake inapanda, kila asubuhi naiona kutoka dukani kwangu, na yeye akiwa juu kule ananipungia mkono.