Nisitiri, Mama Somoe

Wewe cheka tu. Hata mimi ningesimuliwa ningecheka. Lakini haya yalinikuta mwenyewe, jioni jua halijazama, sina homa wala siko ndotoni.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila mtu anauza alichonacho. Ukumbi mmoja wa sanaa Dar ulikusanya wasanii wa kila pembe kwa maonyesho ya pamoja. Sisi tulitoka Newala, mimi na vyungu vyangu, mume wangu Baba Somoe na vinyago vyake. Akaongeza na lipiko la marehemu mjomba wake, kile kinyago cha kuvaa usoni, chenye nywele za mtu kweli. Lilikuwa limechezwa jandoni miaka na miaka.

Nikamwambia, "Baba Somoe, hilo hulala limefunikwa. Na sisi wanawake hatulitazami likiwa tupu, bila mchezaji na nguo zake."

"Huku mjini, mama, nani anajua?" Akalitundika ukutani, uso wazi.

Hajashuka hata kwenye ngazi, sauti ikakatika. Mafua hana, koo haliumi. Anafungua mdomo, kimya! Daktari akammulika, asione kitu. Mume wangu, mwongeaji yule, akabaki kulia machozi tu. Nami silali, najiuliza, ndiyo basi, sitamsikia tena?

Jioni moja wageni wameshaondoka, yeye amejilaza stoo, mimi napangusa vyungu. Nikasikia nyuma yangu, "Mama Somoe, nisitiri."

Sauti ya mume wangu! Nikageuka kwa furaha. Ala! Amesimama mzee nisiyemjua, nywele zimebandikwa kichwani mabaka mabaka.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Sauti ile ile ya Baba Somoe, na midomo ya mzee haikutikisika hata kidogo. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye lipiko. "Wanawake wananitazama kutwa. Nisitiri."

Ningekimbia? Na sauti ya mume wangu nimwachie nani? Nikavua kanga yangu ya juu, nikafumba macho, nikaenda nikipapasa ukuta mpaka nikalifikia lipiko. Nikalifunika, nikakaza fundo kwa nyuma. Kufumbua macho, mzee hayupo.

Mara kutoka stoo, "Mama Somoe, hivi leo hatuli?"

Nililia, nikacheka, nikakaa chini sakafuni. Sijawahi kufurahi kuulizwa chakula namna ile!

Kesho yake tukapanda basi la Masasi, lipiko limefungwa kwa kanga yangu. Newala wanaume wakalichukua, wakalipeleka wanakokujua wao. Baba Somoe sasa anaongea mpaka majirani wanakimbia, Mungu ashukuriwe.

Nawe ukiona lipiko linauzwa, uliza kwanza kama limechezwa. Likiwa limechezwa, liache, hata wakikupa bure. Mimi mpaka leo mume wangu akiniita nikiwa nimempa mgongo, siitiki. Nageuka kwanza, nitazame midomo yake.