Pini ya Bunduki Iliyonipigisha Magoti

Jamani, leo pini ya bunduki karibu inibadilishe dini.

Arbab, yaani bosi wangu Mwarabu hapa mjini Hatta, alinipa bunduki ya babake, ile wanayoirusha hewani na kuidaka wakicheza ngoma ya harusi. Nitoe pini iliyoshika kutu, niisafishe na kuirudisha, harusi ya kijana wake ni leo.

Nikatia mafuta, nikagonga. Wapi!
Nikageuza, nikagonga upande wa pili. Ikachomoka, ikaruka mchangani.

Nikapiga magoti, uso chini kabisa, natafuta.

Kuinua kichwa, arbab yuko nyuma yangu, amevua viatu.
“Mashallah, Peter. Tangu lini?”

(Nyinyi mngemjibu nini?)

“Arbab... natafuta pini.”

Akanitazama. Akakunja kanzu, akapiga magoti kando yangu.

Alipoiona akasema, “Alhamdulillah!”

Nikaitikia, “Amina.”