Kivuli cha Kiti Kimoja

Kazi yangu ni kukata miti katika nchi ambayo kila mti uliopo umebembelezwa mpaka ukakubali kuwepo. Nyumbani Mufindi nilikuwa naangusha misindano kutwa nzima na hakuna aliyenitazama mara mbili, maana misindano ni mingi kuliko watu na mvua inanyesha hata asiyeitaka. Hapa Doha kila mti una mpira wake mweusi wa maji unaoingia shinani kama dripu ya mgonjwa, na kabla hujagusa tawi lazima mtu fulani ofisini aridhie. Fulana yangu ya kazini ina maandishi ya Kiingereza yanayokaribia kusema kwamba mimi ni daktari wa upasuaji wa miti. Nilipomweleza mama kwenye simu, akawatangazia majirani kuwa nimekuwa daktari. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha, na sasa shangazi ananiuliza dawa ya magoti kila Ijumaa.

Mufindi vifaa vyangu vilikuwa shoka, chensoo na maombi. Hapa nilikabidhiwa kofia ngumu ya kufunga kidevuni, miwani, glavu, kamba ya kupandia, kamba ya akiba, msumeno wa mkono uliopinda, chensoo ndogo ya kuning'iniza kiunoni, na mkanda wa usalama wenye vishikizo vingi kiasi kwamba siku ya kwanza niliuvaa kichwa chini. Kwenye ukuta wa chumba cha mafunzo kuna picha ya mzungu aliyening'inia mtini akitabasamu, na nyuma yake kumejaa theluji. Nimemtazama sana yule bwana. Hana hata tone la jasho.

Nilipewa pia miiba ya chuma ya kufunga viatuni, pamoja na sharti: haivaliwi kwenye mti utakaobaki hai, kwa sababu kila hatua inatoboa gome na kila tundu ni mlango wa maradhi. Kwa miiba unapanda mti ambao hukumu yake imeshatoka. Mti wa kupunguza unapandwa kwa kamba, taratibu, kama unayeingia nyumbani kwa watu. Na tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja. Unalichanja kwanza kwa chini, halafu unasogea nje kidogo na kulikata kutoka juu, ili uzito uanguke bila kuchana gome la shina. Mwisho unarudi kuondoa kipande kilichobaki, karibu na ule uvimbe ambao mti utautumia kufunga kidonda chake. Mwenzangu anayeshika kamba chini ni Mnepali. Lugha tunayoelewana ina maneno machache sana, mengi ya Kiarabu, lakini hajawahi kuniangusha, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu watu wengi ninaoelewana nao vizuri.

Kiangazi kimoja kilipoanza tulitumwa Abu Hamour, kwenye kompaundi yenye nyumba kadhaa ndani ya ukuta mmoja. Amri ilikuwa fupi: mwarobaini ulio getini uondolewe wote. Wapangaji walikuwa wamelalamika kwamba ndege wananyea magari yao. Mimi nimeishi kwenye chumba cha watu wanane bila kupata pa kupeleka lalamiko, kwa hiyo nilivutiwa na kasi ya ofisi ile.

Chini ya mwarobaini alikaa mlinzi, Mkenya wa upande wa Kakamega, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Alikuwa na kiti cheupe cha plastiki, chupa ya chai, na kipande cha boksi cha kuwekea miguu. Kibanda cha mlinzi kilikuwepo hapo hapo, lakini kilijaa makopo ya rangi na baiskeli za watoto wa wapangaji. Kiyoyozi cha kibanda kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kinapoza baiskeli.

Alitusalimia, akatuonyesha bomba la maji, kisha akaniona nikitoa ile miiba ya viatuni kwenye gari. Sijui nani alimfundisha maana yake.

"Bro," akaniambia, "hii mti ikienda, mimi nitaenda wapi?"

Nilidhani ni mzaha wa Wakenya, nikataka kumjibu kwa mzaha. Akanieleza. Kiangazi kilichopita, geti lile lilipokuwa likitengenezwa, walimpeleka geti la nyuma ambako hakuna hata kichaka. Haikupita wiki akaanguka. Dereva wa mpangaji mmoja ndiye aliyemwokota na kummwagia maji. Hospitali wakamwambia ashukuru Mungu, na akirudia kukaa juani vile, safari nyingine huenda asiinuke. Alikuwa ameshaomba kibanda kitolewe vitu, akajibiwa kwamba watalishughulikia.

Sisi tunaofanya kazi nje tunapumzishwa kwa sheria saa za jua kali, na ni sheria nzuri, inaniweka hai. Nilimuuliza mlinzi kama naye hapumziki. Akasema aliwahi kumuuliza meneja wa kompaundi, na meneja akashangaa: apumzike kufanya nini, na hapo alipo amekaa?

Sisi Wahehe tunasifiwa kwa hasira, na watani wetu hawatusingizii. Nilihisi inapanda kutoka magotini. Lakini hasira ya mtu ambaye iqama yake, kibali cha kukaa nchini, iko mikononi mwa kampuni lazima iwe na adabu, kwa hiyo nilirudisha miiba garini, nikavaa uso wa daktari na kwenda kwa meneja. Nikamwambia kwa Kiingereza cha fulana yangu kwamba mti ule una afya, mizizi haijagusa ukuta, na shida iko upande wa maegesho tu, kwa kuwa matawi ya huko yamesongamana. Nikiyapunguza, ndege watahama. Kuhusu mti na ukuta nilikuwa na hakika. Kuhusu ndege, ndege sikuwasomea. Meneja aliuliza kama mti utapendeza. Nikasema utapendeza. Akapiga simu ofisini kwetu, na amri ikabadilika.

Basi nikapanda kwa kamba. Nimewahi kupunguza miti kwa ajili ya nyaya, kwa ajili ya kamera, na mara moja kwa ajili ya bibi harusi aliyetaka ukumbi uonekane kutoka barabarani. Sikuwa nimewahi kabla ya hapo kupunguza mti kwa ajili ya kiti. Mlinzi alisimama chini akiwa na kiti mkononi, akikihamisha kunionyesha: saa tano jua linaingia kutokea huku, saa saba linachoma magoti, alasiri linakuja ubavuni juu ya ukuta. Alilijua jua la pale kama mtu anavyomjua mdai wake. Kila nilipogusa tawi nilimtazama. Akiinua kiganja naliacha. Akigeuza uso, nakata. Upande wa maegesho nikausafisha mpaka anga ikaonekana. Upande wa geti nikaacha tawi moja nene lililolala karibu sawa na ardhi, nikaondoa yaliyokauka na yanayogombana ili yaliyobaki yapate nguvu, majani yakashuka kama ukingo wa paa.

Saa ya kupumzika ilipofika, mimi na Mnepali tulijilaza pale pale, na mlinzi akakaa kwenye kiti chake katikati yetu. Alitumiminia chai ya maziwa, nikatoa chapati. Barabarani lami ilikuwa inameremeta kama imemwagiwa maji, na pale chini palikuwa na upepo. Mlinzi alinyoosha miguu yake mirefu, na hata vidole havikutoka kivulini. Nilijisikia fahari, nasema bila haya. Niliyaangusha mashamba mazima ya misindano nisijisikie vile.

Meneja alikuja alasiri, akazunguka mti, akaupiga picha na kusema vizuri sana.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na hawakuwa wajinga. Shida yangu ni kwamba nilirudi. Kiangazi kilikuwa hakijaisha nilipotumwa tena kompaundi ile kusafisha mitende ya ndani, na nilikuwa na hamu ya kuonana na rafiki yangu. Tulipokata kona nikaona tawi langu limenenepa, majani yameongezeka, kivuli kizito kimetanda getini. Ndani ya kivuli alikuwa amelala paka. Kiti cha plastiki kilikuwa ng'ambo, kimebanwa ukutani, juani, na juu yake amekaa mlinzi mwingine, Mganda wa makamo, mwenye taulo bichi kichwani.

Nilimuuliza kwa nini hakai kivulini. Alitazama kwanza kamera iliyo juu ya geti, halafu akanijibu bila kugeuza kichwa. Ni amri. Mlinzi aliyekuwepo kabla yake alikutwa amelala. Mpangaji alipiga honi mpaka akashuka kufungua geti mwenyewe, na meneja alipofika akamkuta jamaa kaegemeza kichwa nyuma, mdomo wazi. Kampuni yao ya ulinzi ikamhamisha. Tangu siku hiyo hakuna mlinzi anayeruhusiwa kukaa chini ya mti, kwa kuwa mti unaleta usingizi. Nilimuuliza kama wamefikiria kutoa baiskeli kibandani. Akanitazama kama nimeuliza habari za theluji.

Mchana ule, saa ya kupumzika, nilimpigia Mkenya kwa namba aliyonipa siku ile ya chai. Alikuwa Al Wakrah, mji wa pwani, analinda maegesho ya wazi ya magari. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza akicheka.

"Ulifanya kazi poa sana, bro, hiyo ndio shida. Kwa jua sijawahi sinzia hata siku moja."

Nikamuuliza hali ya huko. Akasema hakuna kivuli, ila anajikaza, anajimwagia maji kichwani, na mara mbili tu ndiyo amesikia kizunguzungu. Moyo ukaniuma. Kisha sauti yake ikachangamka. Wamepanda miti kwa mstari maegeshoni, akasema, imemfika kiunoni, na mmojawapo, mwarobaini, uko karibu kabisa na anapokaa. Anaugawia maji yake ya kunywa kila jioni.

"Wewe ndio daktari," akasema. "Itachukua muda gani kufunika kiti?"

Mti wa kimo kile, katika udongo wa chumvi wa karibu na bahari, hata ukinyweshwa vizuri unahitaji miaka minne, mitano. Nilijua hivyo bila kufikiri. Lakini nilikuwa nimelala chali chini ya tawi nililomkatia yeye, nimeshiba, na upepo unanipuliza usoni, na ulimi wangu haukuweza.

"Ukiutunza," nikamwambia, "kiangazi kijacho unakaa chini yake."

Nikasikia lori likipita upande wake.

"Sawa," akasema. "Walinipea karatasi ya mkataba jana, miaka miwili ingine, nikajiuliza hii jua nitaiweza aje. Basi nitasaini leo."