Mtihani wa Kivuli

Katika karakana ya katuni iliyokuwa juu ya duka la magodoro, palikuwa na mtihani ambao hakuna mhusika aliyewahi kuukwepa. Mchoro wake ulijazwa wino mweusi tii mpaka macho, rangi na nguo vikapotea, kikabaki kivuli kitupu. Kivuli kikabandikwa ukutani, akaitwa Mama Chai, aliyehudumia ghorofa nzima. Mhusika ambaye Mama Chai alishindwa kumtofautisha na mwenzake alitolewa siku hiyo hiyo.

"Mtoto hatazami vifungo vya shati," mwenye karakana alipenda kusema. "Anatazama umbo." Wote walimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha sanaa shuleni, na tabia ya kufundisha hakuiacha.

Kimya, mmoja wa wachoraji, aliijua sheria hiyo kwa mwaka na nusu. Siku hiyo, saa nane mchana, watu wa televisheni wangekuja kuwaona wanyama sita wa kipindi kipya, wanyama wanaoendesha posta juu ya mawingu. Watano walikuwa wamechorwa na mikono ya watu wote. Wa sita, kakakuona, alikuwa wake peke yake. Wiki tatu alimchora. Kila gamba la mgongoni lilifunguka kama droo, na ndani ya kila droo mlikuwa na barua. Hakuwahi kumwambia mtu jinsi alivyompenda. Yeye hata salamu ya asubuhi aliitoa kama anayeomba radhi, ndiyo maana wakampa jina hilo.

Mama Chai aliweka birika chini, akashika kiuno.

"Haya. Twiga. Bundi. Sungura, masikio hayo nayaona tangu jikoni. Fisi. Kobe." Akasita. "Na kobe mwingine."

Fundi wa kuchora mandhari, kaka mmoja mwenye mdomo usio na breki, akaangua kicheko. "Mapacha hao, Mama! Hongera kwa mzazi."

Kimya alitazama ukutani. Ilikuwa kweli. Alikuwa amemchora kakakuona amejikunja, kichwa kifuani, mgongo juu, ili magamba yake yaonekane vizuri. Wino ulipoyafunika, kilichobaki kilikuwa kichuguu chenye miguu.

"Mtoe," Mwalimu alisema, wala si kwa ubaya. "Tutawaonyesha watano."

"Naomba mpaka saa sita."

"Umesemaje, binti?"

"Mpaka saa sita, Mwalimu."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. "Saa sita kamili. Dakika moja ikizidi, hayupo."

Kimya alimvika kakakuona kofia ya tarishi, akapata kobe aliyevaa kofia. Akayafungua magamba yote, pembe za barua zikachomoza huku na huku. Akajaza wino, akamwahi Mama Chai mlangoni.

"Nanasi," Mama Chai alisema.

"Nanasi?"

"Tena limeiva."

Fundi wa mandhari alilala juu ya meza kwa kucheka. Kimya alicheka kidogo pia, kwa adabu. Kufikia saa tano unusu vidole vyake vilikuwa vyeusi na kijasho kimeanza kulowanisha karatasi. Alikusanya kila kitu kwenye faili, akaenda kumwambia Mwalimu kwamba ameshindwa. Mlango wa ofisi ulikuwa wa kioo. Alisimama mbele yake, mkono ukakataa kubisha.

Mama Chai alikuwa akipita na vikombe vitupu. "Mwanangu, mbona umelikumbatia faili hivyo? Utadhani kuna mtu anakuja kukupokonya."

Kimya akajiona kwenye kioo. Mabega juu, kidevu chini, faili limebanwa kifuani kwa mikono miwili.

Alirudi mezani mbio. Kwa mara ya kwanza alimsimamisha kakakuona kwa miguu miwili. Akauvuta mkia wake kutoka nyuma, akaupandisha mbele mpaka kifuani, akamwacha aukumbatie. Kwenye ncha ya mkia akachora gamba moja lililofungwa kabisa.

Zilibaki dakika tatu. Mama Chai alitazama kivuli kipya bila haraka yoyote.

"Mnyama huyu simjui," alisema. Kimya akafumba macho. "Ila kobe siye. Huyu ana woga. Halafu ana kitu hataki kukitoa."

Mwalimu alikuna kidevu. "Amepita." Kabla Kimya hajashusha pumzi, akaongeza, "Lakini wageni utawaeleza wewe. Mimi simfahamu huyo."

Saa nane walikuja watatu. Mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani, aliwapitia wale watano upesi upesi. Kwa wa sita akasimama.

"Ameshika nini?"

Mwalimu alitazama dari.

"Barua," Kimya alisema.

"Sikusikii."

"Barua. Imo ndani ya gamba hilo lililofungwa. Kazi yake ni kupeleka barua, na nyingine zote anazipeleka. Hiyo moja hawezi."

"Ya nani?"

Wiki tatu za kuchora barua, na hakuwahi kujiuliza ni za nani. "Sijui bado," alisema. "Nahitaji muda zaidi naye."

Yule mama aliandika kwa muda mrefu. Kimya alijaribu kuyasoma maandishi kichwa chini miguu juu, hakuambulia neno.

"Huyu asitolewe," mama alisema mwishowe. "Niambie, huo mkia ni mzito kiasi gani?"

Kimya akaliweka mezani faili alilokuwa bado amelikumbatia, apate mikono miwili ya kuonyesha.