Aspirini, Limau na Uso wa Dada Yangu Siku ya Wageni

Wakuu, salamu kwenu wote. Hii sikuisikia kwa jirani. Ilitokea nyumbani kwetu Kitale mwaka juzi, nikiwa nimekaa pale pale sebuleni, na nitaieleza vile ilivyokuwa.

Dada yangu Wangui alikuwa anaposwa na Wafula, kijana wa Myanga kule Bungoma. Ukoo wa Wafula ulikuwa uje kwetu kuzungumza mahari. Chunusi nazo zikachagua msimu huo huo.

Kwetu dawa zote hukaa kwenye mkebe mmoja wa biskuti. Za homa, za mgongo, na tyubu ya krimu ambayo shosho, bibi yetu, alipewa kwa ajili ya ngozi ya mguu wake.

Wangui alianza na krimu ya shosho.

Nisiwadanganye, ilifanya kazi. Uso uling'aa hadi majirani wakawa wanauliza siri ni gani.

Kisha tyubu ikaisha. Chunusi zikarudi na jamaa zao wote.

Rafiki yake wa saluni akamshauri asage aspirini, achanganye na limau. Akasaga, akapaka, halafu akatoka kwenda kugeuza mahindi yaliyoanikwa juani.

Siku ya wageni ilipofika, ngozi ilikuwa imebambuka na jicho la kushoto limefura.

Kwa wasiojua desturi yetu: siku kama hiyo wasichana kadhaa hufunikwa leso kuanzia kichwani, na bwana harusi anatafuta aliye wake. Mama aliona huo ni mpango wa Mungu.

"Utakaa ndani ya leso," alimwambia Wangui. "Akishakuchagua tunakurudisha chumbani, tunasema una homa."

Wafula alipita mbele ya wasichana, akasimama kwa yule aliyekuwa anatetemeka. Akainua leso kabla Mama hajafika.

Mpiga picha akabonyeza. Picha hiyo tunayo.

"Wangui, ni nani amekumwagia uji?" Wafula akauliza.

"Hakuna. Ni aspirini."

Shangazi ya Wafula, mama mmoja mnene ambaye kwa lugha yao wanamwita Senge, yaani shangazi, akainama akamwangalia. "Hili jicho linaona?"

"Linaona ukungu tu."

"Basi huyu anaenda hospitali sasa hivi."

Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, akasimama. "Pole pole, mama. Msichana haondoki hapa na nyinyi kabla hatujaongea."

"Si muongee, bana," Senge akamjibu. "Lakini mniambie, mnaongea juu ya msichana wa macho mawili ama wa moja?"

Wangui akapandishwa kwenye pikapu iliyoleta mbuzi, Mama kando yake. Wazee wa pande zote mbili wakabaki na pilau. Baba mdogo alizunguka meza akimweleza kila mtu kwamba Wangui hajatoroshwa.

Daktari alisema ile krimu ilikuwa kali kwa uso, ikaifanya ngozi nyembamba. Aspirini na limau zikaichoma, na mchanganyiko ukaingia jichoni. Alisema kama wangengoja hadi wageni waondoke, hangeahidi kitu kuhusu jicho.

Jicho lilipona polepole. Mazungumzo yakafanyika baadaye na harusi ikawa. Shavuni limebaki baka jeusi.

Nilichojifunza, wakuu: dawa hupewa mtu fulani kwa ugonjwa fulani mahali fulani mwilini. Ikiponya mguu wa shosho, haijasema lolote kuhusu uso wako. Na kitu kikianza kuchoma, osha kwa maji mengi uende hospitali. Usingoje wageni.

Siku hizi Wangui anaishi Bungoma. Wanawake sokoni humshauri apake nini ili hilo baka liishe, na wengine wamekuja na dawa tayari mkononi. Yeye huwajibu, "Mimi napaka maji na sabuni."

Haya, semeni na nyinyi. Ni nini mliwahi kutoa kwenye mkebe wa dawa mkajipaka usoni, na nani aliwashauri?