Kalekye Aliyebatizwa Mara Kumi na Moja

Kalekye alikuwa mpishi katika chuo kidogo cha Biblia nje ya Matiliku, na watu wa pale walimwita Mama Ndila kwa jina la kifunguamimba wake. Alikuwa mwanamke mzito, na uzito wake hakuuonea haya. Akiketi upande mmoja wa benchi, aliyekaa upande wa pili aliinuka bila kupenda. Shule aliiachia darasa la tano, lakini kwa miaka kumi na minane alikuwa amelisha wachungaji wengi kuliko askofu yeyote, na alidai anaweza kumtambua mhubiri wa mahubiri marefu kwa jinsi anavyorudi kuomba muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mara ya tatu.

Wanafunzi wa kike walikuwa wachache, na wengi walikuja na watoto wachanga. Kalekye hakuwa na hela za kuwapa, kwa hiyo aliwapa mgongo. Siku za mtihani ungemkuta amembeba mmoja kwa leso na mwingine amemkalisha ndani ya karai, anapiga kijiko huku Kalekye akikoroga sufuria. Mama mtu akirudi na alama mbaya, Kalekye alimkazia macho.

"Sasa mimi nimekojolewa bure?"

Basi mwaka ule kulikuwa na Wariara, binti wa Mzee Kinyanjui mwenye duka la misumari na mabati kule Emali. Msichana mwembamba kama ufito, lakini akisimama kuhubiri, hata waliozoea kusinzia walisahau. Alikuwa amebakisha jambo moja tu ili amalize: kubatiza watu wa kanisa la pale sokoni, kwa kuzamisha, huku Mchungaji Mulinge, mkuu wa chuo, akimtazama.

Wazee wa kanisa wakakaa kulijadili. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mbaluka, mtu wa koti na kofia hata jua likiwaka vipi.

"Mimi sina ubaya na akina mama," alisema Mbaluka. "Mama ndiye alinizaa. Lakini maji ni mambo ya nguvu. Huyu msichana atamwangusha mtu, mtu anywe maji, tuanze kutafuta gari ya kumpeleka hospitali. Nani atajibu?"

Wazee wakatikisa vichwa. Kalekye, aliyekuwa ameleta chai, aliweka thamosi mezani kwa kishindo.

"Samahani wazee. Katika kanisa hili kuna mtu mzito kunishinda?"

Mzee mmoja alianza kupuliza chai yake ingawa ilikuwa haijamiminwa.

"Basi akiniweza mimi, ataweza mtu yeyote," akasema, akatoka.

Mvua za Novemba zilikuwa zimejaza bwawa lililo chini ya chuo. Kesho yake, vyombo vya mchana vilipokwisha kuoshwa, wawili hao waliteremka, wakasubiri ng'ombe wanywe wamalize, wakaingia mpaka kiunoni.

"Mama, naogopa," alisema Wariara.

"Mimi ndiye naenda chini, wewe unaogopa nini? Haya, nizamishe."

Wariara akamshika, akayatamka maneno yote kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamlaza. Kalekye akaenda, na Wariara akaenda naye. Waliibuka mbalimbali, Kalekye akiwa na majani mdomoni.

"Umeshika bega," alisema akitema. "Bega la nini? Shika shingo hapa nyuma. Na usinivute kama gunia. Ngoja maji yenyewe yaniinue, halafu wewe unamalizia. Tena."

Siku ya pili walizama tena wote wawili. Siku ya tatu Wariara alibaki amesimama, lakini Kalekye alikaa chini ya maji muda wa kutosha kuwakumbuka jamaa zake wote. Siku ya nne aliinuka kama mtu anayeamka kitandani. Wariara alishangaa hata akaitazama mikono yake.

"Asa! Umeona?" Kalekye alipiga kelele, ndege wakaruka. "Tena!"

Ubaya ni kwamba bwawa lile ndiko akina mama wa kijiji walikochota maji, na hawakuwa vipofu. Siku ya kwanza walipita kimya. Siku ya tatu waliweka mitungi chini. Kufikia mwisho wa juma, habari ilikuwa imefika sokoni kwamba mpishi wa chuo anabatizwa kila siku saa tisa.

"Ni dhambi gani hiyo isiyotoka kwa maji ya siku moja?" aliuliza muuza nyanya.

"Yule anashika funguo za stoo," mwenzake akajibu polepole. "Wewe piga hesabu ya maharagwe ya miaka kumi na minane."

Mchungaji Mulinge akamwita ofisini. Alifunga mlango, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Ndila, kama kuna jambo linakusumbua moyoni, mimi ni mchungaji wako. Hata kama linahusu stoo."

Kalekye alimtazama, kisha akaelewa, kisha akacheka mpaka kiti kikalia. "Mchungaji, dhambi ninazo, lakini hazifiki mara kumi na moja!" Akamweleza yote. Nilibatizwa nikiwa msichana, alisema, na Wariara amenizamisha mara kumi, kila mara kwa maneno kamili. Sasa ubatizo wangu ni upi?

Mulinge alifikiri sana, kwa sababu chuoni hawakuwa wamemfundisha jambo hilo.

"Ule wa kwanza ndio ubatizo," aliamua. "Hizo zingine ni kuoga. Lakini mwambie Wariara maneno hayo ayaweke mpaka siku yenyewe. Mazoezini ahesabu moja, mbili, tatu."

Jumapili ya ubatizo watu walijaa ukingoni kuliko siku za Krismasi. Wengine walikuja kuimba, wengine walikuja kuona mtu akiangushwa. Wa kwanza kuingia majini alikuwa Musembi, mchinjaji mwenye shingo nene kama ya fahali. Wariara alimshika pale pale nyuma ya shingo, akamlaza, akangoja, akamwinua. Musembi alisimama akipepesa macho kama mtoto. Vigelegele vikapasuka. Wa pili akaenda, wa tatu, hata wa saba, na hakuna aliyemeza tone.

Kalekye alikuwa akijipangusa machozi kwa leso alipoguswa kiwiko. Ni Mbaluka, na chini ya kofia uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Ndila, tusogee kando kidogo."

Wakasogea nyuma ya kichaka.

"Huyu msichana," alinong'ona, "mtu anayeogopa maji anamweza?"

"Mtu gani?"

Mbaluka aliangalia viatu vyake. Polepole habari ikatoka. Alipokuwa kijana, siku yao ya ubatizo mtoni, alimwona aliyemtangulia akitoka anakohoa. Yeye akajifanya anaenda kujisaidia, akalowesha kichwa pembeni, akarudi kujipanga na waliokwisha kubatizwa. Akapewa kadi. Halafu akapewa ushemasi. Halafu wakamfanya mzee wa kanisa, halafu mwenyekiti.

"Kila mwaka nilisema nitamwambia mchungaji," alisema. "Kila mwaka wananipandisha cheo."

Ibilisi alimtembelea Kalekye dakika ile, hakuna haja ya kuficha. Huyu ndiye aliyepinga wanafunzi wa kike kupewa chumba chao cha kulala. Huyu ndiye aliyesema mwanamke akisoma sana Biblia, ugali unaungua. Sauti moja tu ingetosha, na kanisa zima lilikuwa pale hatua ishirini. Kalekye alifungua mdomo. Kisha akaona yule mzee akiyatazama maji kama mtoto anayengoja sindano, akaufunga.

"Ngoja watu wapande juu wakale," alisema. "Vua koti."

Aliponong'onezewa, Mulinge aligeuka akaitazama milima ya mbali, mabega yakimtikisika, kisha akarudi na uso wa kichungaji na kuitikia kwa kichwa. Wimbo ulipofifia njiani, Mbaluka aliingia majini akimshikilia Kalekye, ambaye alikuwa amevaa nguo yake mpya ya Jumapili.

"Mzee, unaungama imani yako?" aliuliza Wariara kwa upole.

"Ndiyo. Naungama na hiyo ingine pia. Fanya haraka kabla sijatoroka."

Alizama vizuri. Shida ilikuja kwenye kuibuka, kwa maana alitoka akimwita mama yake kwa ukelele wa "Mwaitu!" uliosikika mpaka juu chuoni, akamrukia Wariara shingoni kama paka. Wariara hakutetereka. Alisimama pale katikati ya bwawa amembeba mwenyekiti wa wazee. Walipogeuka kutazama ukingoni, waumini wote walikuwa wamerudi mbio na sahani mikononi.

Mbaluka akateremka, akaikamua kofia, ambayo alikuwa amesahau kuivua.

"Nilikuwa nampima," alitangaza. "Nilisema kazi hii inataka nguvu. Nimehakikisha mwenyewe. Anazo."

Watu wakampigia makofi. Kalekye aliuma leso yake kwa meno, na baadaye alimwambia binti yake kwamba katika maisha yake yote ya wokovu hakuna siku aliyojinyima kama ile.

Mwezi uliofuata Mbaluka mwenyewe ndiye aliyesimama kikaoni kutaka wasichana wajengewe chumba, na alipoulizwa kimempata nini, alisema mtu hukua. Wariara alivalishwa kola yake ya uchungaji na kutumwa kanisa moja upande wa Kitui, mbali kule Mutomo. Jioni moja alipiga simu. Watu ni wazuri, alisema, ila wamempa kuku anayelala chini ya mimbari na hataki kuhama, na kesho anapokea wageni arobaini kwa mara ya kwanza.

"Mama, watu arobaini ni mahindi kiasi gani?"

"Watatoka mbali au karibu?"

"Mbali. Kwa miguu."

"Basi pika ya watu sitini," alisema Kalekye, "na mahubiri upunguze."